Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Nyumba za Bedford Park na Vitu vya Mitaani Mwake

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati nawaletea taarifa ya mwaka. Kwa kuwa wamo wenzetu waliojiunga karibuni, naanza na sisi ni akina nani. Hiki ni chama kidogo cha Waswahili wa magharibi ya London: wenye nyumba, wapangaji, mafundi wa mbao, wa rangi na wa matofali, waliokutanishwa na mitaa ya Bedford Park, Chiswick. Hatuna mamlaka ya kisheria, wala hatufanyi kazi ya Bedford Park Society, ambayo tangu 1963 ndiyo iliyoubeba mzigo wa kuulinda mtaa huu. Tunachotaka ni kwamba kila mwenzetu anayeshika tindo, brashi au ufunguo wa nyumba hizi ajue ameshika nini.

Kamati ilipozunguka mitaani mwaka huu haikukuta nyumba iliyobomolewa. Ilikuta jambo linaloumiza zaidi kwa kuwa hakuna anayelipigia kelele: mtaa unaondoka kipande kwa kipande. Kamba ya dirisha imekatika, likang'olewa dirisha zima. Chokaa imelika kati ya matofali, ikajazwa saruji. Uzio wa mbao umeoza nguzo moja, ukatolewa wote na bustani ikageuzwa maegesho ya gari. Kila aliyefanya hivyo aliamini anatengeneza, na wengi walilipa fedha nyingi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya taarifa hii inahusu kazi yenyewe inavyofanywa, na mambo ya chama nimeyaweka mwishoni kwa ufupi.

Mtaa wenyewe

Jonathan Carr, mfanyabiashara wa nguo, alianza kujenga hapa mwaka 1875 kwenye ardhi iliyokaribia stesheni ya Turnham Green, ambayo ilikuwa imefunguliwa 1869. Wakati huo nyumba za London za watu wa kipato cha kati zilikuwa safu ndefu zenye lipu nyeupe na vyumba vya chini ya ardhi ambamo watumishi walipikia gizani. Carr alitaka kinyume chake. Michoro ya kwanza ilitoka kwa E. W. Godwin, na kuanzia 1877 Norman Shaw akawa mbunifu mkuu, baadaye akafuatiwa na E. J. May. Maurice B. Adams naye alichora baadhi ya majengo. Walitumia matofali mekundu, vigae vya udongo kwenye paa na hata ukutani, mbao zilizopakwa rangi nyeupe, madirisha yenye vioo vidogo vidogo, vibaraza na dohani ndefu. Hakuna chumba cha chini ya ardhi. Barabara zilipindishwa kukwepa miti mikubwa iliyokuwapo tangu zamani, na miti hiyo ilikuwa sehemu ya mpango kama zilivyokuwa nyumba.

Kanisa la St Michael and All Angels lililo mkabala na stesheni, na baa ya Tabard ng'ambo ya barabara yenye vigae vya William De Morgan, vyote ni kazi ya Shaw na vilikamilika mwaka 1880 au karibu na hapo. Mshairi W. B. Yeats aliishi Blenheim Road kuanzia 1888 hadi 1895, na Camille Pissarro aliuchora mtaa huu mwaka 1897 alipokuja kumtembelea mwanawe Lucien. Nyumba nyeupe nyembamba iliyosimama kama mnara katika South Parade namba 14 ni ya C. F. A. Voysey, ya mwaka 1891. Nayo ilijengwa makusudi iwe tofauti na wekundu wote unaoizunguka, kwa hiyo mgeni asiambiwe kwamba iliharibiwa baadaye.

Mtaa huu ulikaribia kupotea. Nyumba ya Carr mwenyewe, Tower House, ilibomolewa katika miaka ya 1930 na yakajengwa maghorofa. Mapema miaka ya 1960 nyumba nyingine kubwa ikavunjwa, na hapo ndipo wakazi waliposhikamana wakaunda Bedford Park Society, John Betjeman akiwa mlezi wake wa kwanza. Mwaka 1967 nyumba 356 ziliingizwa kwa pamoja katika orodha ya taifa ya majengo ya urithi, daraja la II. Idadi kama hiyo kwa mara moja, kwa nyumba za Kivictoria ambazo wakati ule wengi walizidharau, lilikuwa jambo kubwa mno. Maeneo ya hifadhi yakafuata muda mfupi baadaye.

Kabla ya kugusa chochote

Mpaka wa halmashauri za Ealing na Hounslow unapita ndani ya mtaa. Hili linawachanganya watu kila mwaka. Jirani wa barabara ya pili anaweza kuwa chini ya halmashauri nyingine yenye ofisa mwingine na fomu nyingine, hivyo usichukue jibu alilopewa yeye ukalifanya lako.

Kosa la pili ni kudhani kuwa orodha inalinda uso wa mbele tu. Inalinda jengo lote, ndani na nje: ngazi, milango ya ndani, sehemu za moto, mapambo ya dari. Vitu vilivyo ndani ya kiwanja tangu kabla ya tarehe 1 Julai 1948, kama ukuta wa bustani, navyo huhesabiwa ni sehemu ya jengo. Kufanya mabadiliko yanayogusa sura au tabia ya jengo bila kibali ni kosa la jinai chini ya sheria ya 1990 ya majengo yaliyoorodheshwa, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 2, au faini isiyo na kikomo, au vyote viwili. Amri ya kurejesha haina ukomo wa muda, na inamfuata anayemiliki nyumba leo. Anayenunua nyumba yenye madirisha ya plastiki yaliyowekwa bila kibali amenunua na deni la kuyarudisha. Wanachama wanaotafuta nyumba, mwambieni wakili wenu aulize vibali vya kila badiliko kabla ya kusaini.

Matengenezo ya kurudishia kitu kile kile, kwa namna ile ile, kwa kawaida hayahitaji kibali. Utata huwa kwenye hayo maneno "kile kile", kwa hiyo mwandikieni ofisa wa hifadhi, ambatanisheni picha, na tunzeni jibu lake katika faili la nyumba. Ombi la kibali cha jengo lililoorodheshwa halina ada, na muda wa kawaida wa kupata uamuzi ni wiki 8. Gharama nyingine zipo: tangu Oktoba 2012 kodi ya VAT hutozwa kwa asilimia 20 hata kwa mabadiliko yenye kibali, ambayo zamani yalisamehewa. Fundi akikupa bei, muulize kama kodi imo ndani.

Kuhusu miti: ndani ya eneo la hifadhi, mti ambao shina lake linazidi milimita 75 likipimwa mita 1.5 kutoka ardhini haukatwi wala kupogolewa kabla ya kuipa halmashauri taarifa ya wiki 6. Mti wenye amri yake maalumu ya ulinzi unahitaji kibali kamili.

Chokaa na matofali

Hapa ndipo tunapopoteza zaidi, na nitakaa hapa kidogo.

Ukuta wa nyumba ya enzi hii kwa kawaida ni tofali tupu unene wa inchi 9, yaani milimita 225 hivi, bila uwazi katikati. Ukuta wa namna hii haufukuzi mvua. Huipokea, kisha huiachia hewani jua na upepo vikija, na sehemu kubwa ya maji hutokea kwenye mistari ya chokaa kwa kuwa chokaa ni laini na ina vinyweleo kuliko tofali. Chokaa ndiyo inayochakaa kwanza, na ndivyo inavyotakiwa, maana hubadilishwa. Tofali halibadilishwi kirahisi.

Ukijaza saruji umeufunga huo mlango. Maji yanalazimika kutokea kwenye uso wa tofali lenyewe na kubeba chumvi. Ikija baridi ya Januari maji yaliyo ndani ya tofali yanaganda, yanatanuka, na uso wa tofali unabanduka kama gamba. Mtaani utaiona picha hii waziwazi: vijistari vya kijivu vimebaki vimesimama vikali kama fremu, na matofali mekundu yaliyo katikati yake yameliwa yakarudi ndani. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu haitaji mhadhara juu ya hili. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ukipakwa saruji hutoka jasho ndani na lipu huanguka kwa vipande. Kinachouumiza ukuta ni kile kile, hata kama huku kuna barafu na kule kuna chumvi ya bahari.

Utaratibu ambao mafundi wetu wameukubali ni huu. Kwanza hakikisha kazi inahitajika, kwani chokaa ya miaka mia moja na zaidi ambayo bado ni imara haiguswi kwa sababu tu ina rangi tofauti. Mahali ilipolika, ikwangue kwa mkono, kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo, kina kisichopungua mara mbili ya upana wa mstari. Kwa mstari wa milimita 10 ni kati ya 20 na 25. Grainda isitumiwe kwenye mistari ya kusimama, kwa kuwa ni mifupi na diski huvuka ikakata tofali la juu na la chini. Alama hizo hazifutiki, na zimeonekana mwaka huu kwenye nyumba nzuri sana.

Ondoa vumbi lote kwa brashi, kisha rashia maji mpaka tofali liwe na unyevu lakini lising'ae kwa maji. Tofali kavu hunyonya maji ya chokaa mara moja, chokaa ikabaki unga usioshika. Mchanganyiko ni chokaa asilia ya kugandia majini, daraja la 2 au 3.5, sehemu 1 kwa mchanga wenye chenga za ukubwa mbalimbali sehemu 3, kwa ujazo. Mchanga laini wa lipu haufai, kwani chokaa yake hupasuka ikikauka. Pima kwa ndoo. Koleo si kipimo, maana mchanga wenye unyevu huvimba na koleo moja halifanani na jingine. Maji yawe kidogo: ukifinya donge mkononi, libaki donge.

Shindilia kwa mwiko mwembamba unaoingia ndani ya mstari, kuanzia nyuma kuja mbele, tabaka kwa tabaka, na uishie sawa na uso wa tofali au ndani yake kidogo. Usitandaze chokaa juu ya kingo za tofali, kwa sababu mstari wa milimita 8 utaonekana wa 15 na ukuta utabadilika sura yote. Chokaa ikianza kukaza kiasi kwamba kidole gumba hakiachi shimo, ipige kwa ncha za brashi ngumu. Hatua hii wengi huiruka. Ndiyo inayokandamiza chokaa, inayoonyesha chenga za mchanga na kufungua uso ili upumue.

Kisha kazi ya subira: funika kwa magunia yenye unyevu siku kadhaa, ukinyunyizia maji jua likiwa kali. Kazi isifanywe joto likiwa chini ya nyuzi 5, wala baridi ya kugandisha ikitarajiwa kabla chokaa haijakomaa. Kwa hali ya hewa ya London tunasema anza Aprili, na mwisho ni Septemba. Chokaa nyingi iliyoshindwa katika kumbukumbu zetu ilipakwa Novemba kwa sababu jukwaa lilikuwa limekodiwa tayari.

Juu ya madirisha mengi mtaona matofali yaliyosuguliwa yakawa laini, yenye mistari myembamba ya milimita 1 hadi 3, na mahali pengine maua ya alizeti yaliyochongwa kwenye tofali. Alizeti ilikuwa nembo ya mtindo huu wa ujenzi. Hizo ni kazi za fundi maalumu, tena kwa uji mzito wa chokaa safi usio na mchanga wa chenga kubwa. Fundi wa kawaida, hata awe hodari, aziache. Na hakuna tofali la mtaa huu linalosafishwa kwa kurushiwa mchanga. Tofali lililochomwa lina ngozi, na ngozi hiyo ikiondoka tofali hunywa maji maisha yake yote.

Madirisha ya kupandisha na kushusha

Dirisha la namna hii ni mashine. Pande zote mbili za fremu ni sanduku lenye uwazi, na ndani ya uwazi huo huning'inia vyuma vya uzito vilivyofungwa kamba inayopita juu ya roda. Uzito unalingana na fremu ya kioo, ndiyo maana mtoto anaweza kulipandisha kwa kidole. Likigoma, mara nyingi mbao haina kosa. Huwa ni rangi iliyopakwa tabaka juu ya tabaka, kamba iliyokatika, au roda iliyojaa rangi.

Kubadilisha kamba ni kazi ya nusu siku kwa mtu mwenye utulivu. Kata rangi kwa kisu penye maungio ya ule ukanda wa mbao wa ndani, kisha ubanjue kuanzia katikati kuelekea ncha ili upinde bila kuvunjika. Toa fremu ya chini. Ishike kamba kabla ya kuikata. Ukiiachia, chuma kitaanguka ndani ya sanduku kwa kishindo na kinaweza kupasua mbao ya chini. Vuta ukanda mwembamba wa katikati, utoe fremu ya juu. Chini ya mbao ya pembeni kuna kifuniko kidogo, mara nyingi kimefichwa na rangi. Kifungue, vuta chuma, futa vumbi, tia tone la mafuta kwenye roda. Kamba mpya iwe ya pamba iliyotiwa nta. Ipitishe juu ya roda kwa kutanguliza uzi wenye kipande cha madini ya risasi, funga chuma, kisha pigilia upande wa fremu chini ya usawa wa roda ili msumari usikwame.

Pima uzito. Vyuma vya fremu ya juu viwe vizito kidogo kuliko fremu, ili ibaki juu. Vya fremu ya chini viwe vyepesi kidogo, ili ibaki imefungwa. Aliyebadilisha kioo chembamba cha zamani akaweka kinene bila kuongeza uzito, dirisha lake la juu litateremka lenyewe kila siku. Na msipake rangi kamba: hukakamaa na kukatika.

Kuoza huanza chini, kwenye pembe za fremu na kizingiti, pale maji yanapotuama kwa sababu pati ya kioo imepasuka. Kwangua mpaka ufikie mbao nzima, kisha unga kipande kipya cha mbao iliyokauka vizuri kwa mkato wa mshazari unaomwaga maji nje. Pati ya mafuta ya kitani ipewe wiki moja au mbili kabla ya rangi, na rangi ivuke milimita 2 juu ya kioo ili kuziba mwanya. Kioo cha zamani chenye mawimbi kisitupwe. Simama ng'ambo ya barabara jioni mwanga ukiwa umelala, uone jinsi kinavyotikisa taswira ya mti. Kioo kipya hakifanyi hivyo.

Anayelalamikia baridi au kelele awekewe brashi za kuzuia upepo ndani ya kanda za mbao, au dirisha la pili kwa upande wa ndani. Kwa kelele, uwazi kati ya vioo viwili uwe milimita 100 au zaidi. Dirisha la asili linabaki lilivyo.

Tahadhari kwa mafundi wa rangi: hesabuni kwamba tabaka za zamani zina sumu ya madini ya risasi. Msizisugue kavu wala kuzichoma kwa moto wa gesi. Sugueni kwa maji, vaeni barakoa ya daraja la P3, na watoto wa nyumba hiyo wawe mbali mpaka vumbi lipanguswe.

Paa, gata na dohani

Miti tuliyoisifu hapo juu hujaza gata. Gata za chuma cha kusubu zisafishwe mara mbili kwa mwaka: majani yakishaanguka, mwanzoni mwa Desemba, na tena majira ya kuchipua. Kagueni wakati mvua inanyesha, siyo siku ya jua. Mstari wa kijani ukutani nyuma ya bomba maana yake bomba limepasuka upande wa nyuma, ule usiofikiwa na brashi ya rangi.

Vigae vya udongo vya kawaida vina ukubwa wa milimita 265 kwa 165, na mita moja ya mraba ya paa hutumia 60 hivi. Vikianza kuteleza, mara nyingi kigae chenyewe ni kizima na kilichokufa ni msumari. Kwa hiyo paa likivuliwa, vigae vizima virudishwe upande unaoonekana barabarani, na vipya vilivyotengenezwa kwa mkono vichanganywe nyuma. Mkandarasi anayesema atavichukua vya zamani "aviondoe njiani" anaondoka na mali yako.

Dohani isiyotumika isizibwe kabisa. Iachiwe pumzi juu kwa kifuniko chenye matundu na chini kwa tundu la hewa, la sivyo unyevu utabaki ndani na kuleta madoa ya kahawia kwenye ukuta wa chumba cha kulala.

Vitu vya mitaani

Katika Kensington au Islington mtaona kwenye njia ya miguu vifuniko vya duara vya chuma, kipenyo cha inchi 12 hadi 14, vya kumiminia makaa kwenye stoo ya chini. Ni vidogo ili mwizi asipite, na ni duara ili kifuniko kisitumbukie. Bedford Park msivitafute, kwa kuwa nyumba hazina vyumba vya chini. Uzuri wa mbele ya nyumba za hapa uko kwenye nyuzio na mageti ya mbao na kuta fupi za matofali.

Uzio wa mbao huoza pale nguzo inapokutana na udongo, na chanzo kikuu ni zege iliyomwagwa kuizunguka kama kikombe. Maji hukaa humo. Kama ni lazima kutumia zege, juu yake painamishwe ili maji yakimbie, na chini ya nguzo pawe na kokoto. Nguzo ikioza chini tu, kata sehemu mbovu, funga kigongo kipya pembeni kwa boliti, uzio uendelee kuishi. Nakili umbo la ncha za mbao kabla ya kuondoa chochote, hata kwa kuchora juu ya karatasi ya boksi, kwa sababu maumbo yanatofautiana kati ya nyumba na nyumba.

Vyuma vya kukwangulia matope ya viatu na bawaba za mageti vikipata kutu hutanuka na kupasua jiwe au tofali vilimoshikiliwa. Ondoa kutu, paka rangi ya msingi yenye zinki, na palipopandikizwa pazibwe kwa risasi au chokaa, kamwe si saruji.

Anayetaka kuondoa bustani ya mbele aegeshe gari akumbuke kwamba uzio na ukuta vinalindwa, kwamba kushusha ukingo wa barabara kunahitaji idhini ya halmashauri, na kwamba tangu Oktoba 2008 kutandaza kitu kisichopitisha maji juu ya zaidi ya mita 5 za mraba za bustani ya mbele bila kuyaelekeza maji ya mvua kwenye sehemu inayoyanyonya kunahitaji kibali cha ujenzi popote England, hata kwa nyumba isiyo ya urithi. Kamati inawaomba msifanye hivyo kabisa.

Mawe ya York ya njia za miguu na mawe ya granite ya ukingo huharibiwa zaidi na wachimbaji wa maji, gesi, umeme na nyaya. Sheria ya 1991 ya kazi za barabarani inawataka warudishe uso wa njia ulivyokuwa. Kiraka cha muda lazima kigeuzwe cha kudumu ndani ya miezi 6, na kazi ina dhamana ya miaka 2, au 3 kama shimo lilizidi kina cha mita 1.5. Ukiona vizuizi vimewekwa, piga picha siku hiyo hiyo kabla ya jiwe la kwanza kuinuliwa, na uliza mawe yatahifadhiwa wapi. Malalamiko yenye picha ya kabla na ya baada hushughulikiwa, yasiyo na picha huishia kwenye faili.

Sanduku la posta la chuma husaidia kujua umri wa barabara kwa herufi zilizo mbele yake: VR ni enzi ya Victoria, GR tupu ni George wa Tano, GR VI ni wa Sita, EIIR ni Elizabeth wa Pili. Mengi ya masanduku ya kusimama yaliyosubiwa kati ya 1879 na 1887 hayana herufi yoyote, na hii ndiyo miaka ambayo mtaa huu ulikuwa ukijengwa. Kile kibao cha manjano chenye H ukutani nacho kisipakwe rangi wala kufunikwa na maua: namba ya juu ni kipenyo cha bomba la maji kwa milimita, ya chini ni umbali wa mita hadi tundu la maji ya zimamoto.

Wengine wameuliza juu ya vibao vya buluu vya watu mashuhuri. Mpango huo ulianza 1866, na anayependekezwa lazima awe amefariki miaka 20 iliyopita au zaidi. Kibao hakiipi nyumba ulinzi wowote wa kisheria. Ulinzi uko kwenye orodha.

Mambo ya chama

Hesabu zitasomwa na mhazini siku ya mkutano. Ada haipandi. Kamati inaomba ridhaa yenu kununua vifaa vya kuazimana: tindo nyembamba, miko ya mistari, brashi ngumu na mzingo wa kamba ya nta, kwa sababu watu wamekuwa wakitumia grainda kwa kukosa tu kifaa sahihi. Nafasi ya katibu iko wazi. Anayeitaka awe tayari kuandika barua kwa halmashauri mbili.

Tunaandaa siku moja ya kujifunza chokaa kwa vitendo, kwenye ukuta wa mazoezi, mwezi Mei. Nafasi za kwanza ni za mafundi wanaofanya kazi kwenye nyumba zilizoorodheshwa. Wenye nyumba wanaotarajia kujaza mistari mwaka huu waione kamati mapema, ili chokaa iwe imeingia ukutani kabla ya Septemba kwisha.

Mwenyekiti